Kipande cha bomu huipita risasi, lakini si kwa mwendo mrefu

Kuna nyumba moja Ukonga ambayo juu ya kabati la vyombo pamewekwa kipande cha chuma. Kina urefu wa kidole cha kati, kimepinda kidogo kama kigae cha chungu, na ukikipokea mkono unashuka, kwa sababu macho yalitegemea kitu chepesi. Upande mmoja ni laini, umeiva kutu. Upande wa pili ni mweusi, umeungua, na kingo zake zote zimechanika kama mkate ulioraruliwa kwa mikono. Mwenye nyumba anasema kilipitia bati la chumba cha watoto usiku wa tarehe 16 Februari 2011, ghala la silaha la Jeshi pale Gongo la Mboto lilipolipuka. Watoto walikuwa wameshatoka na mama yao, wako barabarani na umati mwingine. Habari ya bati siibishii. Tobo lilizibwa kwa lami na alama yake bado inaonekana ukiinua kichwa.

Nilikwenda pale na mpwa wangu, yuko kidato cha tatu. Akakipima kipande mkononi, akauliza: "Mjomba, hiki na risasi ya SMG, kipi kina mbio?"

Nikamjibu bila kufikiri: hiki. Njiani kurudi, ndani ya daladala, nikaona kwamba nimempa mtoto jibu la kweli linalomdanganya. Ukiuliza kasi ya kipande cha bomu lazima useme ni kasi ya wapi: pale kilipozaliwa, au pale kilipokukuta.

Tuanze na risasi, maana hiyo angalau inajulikana. SMG, kama polisi na magazeti yetu wanavyoiita AK-47, hutoa risasi ya gramu 8 hivi kwa kasi ya mita 715 kwa sekunde. G3, ambayo Wakenya wameizoea kwenye mabega ya askari wao, hufika mita 800 hivi. M16 ya Wamarekani, ambayo risasi yake ni ndogo na nyepesi, hukaribia mita 1,000. Bastola ya milimita 9 iko nyuma sana, kati ya mita 350 na 400, yaani juu kidogo tu ya kasi ya sauti, ambayo ni mita 340 kwa sekunde. Askari wengi Waafrika waliopigana Tanga mwezi Novemba 1914 upande wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871, zile za baruti nyeusi zinazotoa wingu la moshi na kumtangaza mpigaji. Risasi yake ilikuwa na unene wa milimita 11 na ilitoka mtutuni kwa mita 430 hivi.

Baruti isiyo na moshi, ambayo Wafaransa waliianza kuitumia kwenye bunduki yao ya Lebel mwaka 1886, ndiyo iliyoipandisha kasi kufikia hizi tunazozijua leo. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 100, bunduki zimekuwa nyepesi, zimekuwa za kujipakia zenyewe, zimewekewa darubini, lakini risasi yenyewe haijaongezewa mbio kwa kiasi cha kushangaza. Kuna kitu kinaizuia, na kitu hicho ni bunduki yenyewe.

Baruti ndani ya ganda la risasi hailipuki kwa maana kamili ya neno hilo. Inaungua. Inaungua upesi mno, lakini ni kuungua: moto unaila chembe ya baruti kutoka nje kwenda ndani, gesi inajaa nyuma ya risasi, risasi inasukumwa mtutuni. Safari hiyo ya sentimita 40 na kitu ndani ya mtutu wa SMG huchukua takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mgandamizo wa gesi kwenye chemba hufika mara 3,500 hivi ya ule wa hewa tunayoivuta. Mtengenezaji angependa kuupandisha zaidi, lakini ukiupandisha sana chemba inapasuka usoni pa mpigaji. Ule mtutu unatakiwa ubaki mzima, upige tena, na tena, maelfu ya mara.

Bomu halina deni hilo. Ganda lake halitarajiwi kubaki.

Kilipuzi cha kijeshi kama TNT hakingoji moto ukile chembe kwa chembe. Kikishaamshwa, wimbi la mlipuko hupita ndani yake kwa mita 6,900 kwa sekunde, na nyuma ya wimbi hilo kinabaki kitu kilichokuwa kigumu sekunde iliyopita na sasa ni gesi, imebanwa katika nafasi ileile iliyokuwa imekaliwa na kile kigumu. Mgandamizo wake ni karibu mara laki mbili ya ule wa hewa. Linganisha na zile 3,500 za chemba. Ganda la chuma haliwezi hata kujaribu kushindana na hali hiyo. Linavimba kama puto, kwa kitambo kifupi kisicho na jina, na linaendelea kuvimba likiwa tayari linakwenda kasi, ndipo linapoanza kuchanika. Kwa hiyo zile kingo nilizozieleza hapo juu zilichanika chuma kikiwa safarini. Ndani ya sentimita chache tu, na sehemu makumi kadhaa za milioni ya sekunde, vipande vimeshapata karibu kasi yote vitakayoipata maishani mwao.

Kasi hiyo kwa mabomu ya kijeshi na guruneti huwa kati ya mita 1,000 na 2,000 kwa sekunde, na wakati mwingine zaidi. Maana yake kipande kinachochelewa bado kinailingana au kuipita risasi ya M16, na kinachowahi kinaikimbia SMG mara mbili na zaidi. Hapo ndipo jibu langu la Ukonga lilipokuwa na haki.

Hesabu ya kasi hiyo ya kuzaliwa ina mtu wake. Ronald Gurney alikuwa mwanafizikia Mwingereza ambaye wakati wa Vita ya Pili ya Dunia alifanya kazi Aberdeen, Maryland, kwenye maabara ya jeshi la Marekani iliyoshughulika na mwendo wa risasi na makombora. Mwaka 1943 aliandika ripoti fupi. Watu walikuwa wanahisi, na mimi ningehisi hivyohivyo, kwamba vipande vidogo vinarushwa kwa kasi kuliko vikubwa, kama vile unavyoweza kurusha jiwe dogo mbali kuliko tofali. Gurney akaonyesha kwamba sivyo. Vipande vinavyotoka kwenye ubavu mmoja wa ganda huondoka kwa kasi inayokaribiana sana, kiwe na uzito wa punje ya mchele au wa kile cha kabatini Ukonga. Kinachoamua ni uwiano wa kilipuzi na chuma kilichokizunguka kwa ujumla wake: chuma kingi kwa kilipuzi kidogo, kasi inashuka, kinyume chake, inapanda. Ukubwa wa kipande kimoja kimoja hauna neno katika dakika ile ya kuzaliwa, kwa sababu wakati kinasukumwa kilikuwa bado hakijawa kipande. Kilikuwa sehemu ya ganda zima lililokuwa linavimba pamoja.

Wanazaliwa na kasi moja, basi. Anayewatenganisha ni hewa.

Hewa tunaidharau kwa sababu tunaipita kwa miguu. Aliyeionyesha nguvu yake kwanza kwa vipimo ni Benjamin Robins, Mwingereza mwingine, aliyechapisha kazi yake mwaka 1742. Alitundika gogo zito kama bembea, akalipiga kwa risasi ya duara ya bunduki ya zamani, akapima gogo lilivyopaa, na kutoka hapo akakokotoa kasi ya risasi: mita 500 hivi kwa sekunde. Kisha akasogea nyuma na kupiga kutoka mbali zaidi, na kasi ikawa imeshuka kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Hewa ilikuwa inairudisha nyuma ile risasi ya duara kwa nguvu ya zaidi ya mara 100 ya uzito wake yenyewe. Wataalamu wa mizinga wa zama zake walikuwa wanapiga hesabu kana kwamba hewa haipo.

Na ile ya Robins ilikuwa duara, umbo ambalo hewa inalivumilia. Kipande cha bomu hakina umbo la kuvumiliwa. Chukua kizibo cha soda na changarawe yenye uzito uleule, uvirushe kwa nguvu moja. Changarawe inafika ng'ambo ya barabara, kizibo kinayumba, kinageuka, kinaanguka karibu na miguu yako. Kipande cha bomu kinaruka kama kizibo: kinabiringika, kinatoa uso huu, mara ule, kila kingo inashika hewa. Risasi ya bunduki nayo imechongwa ncha, na ndani ya mtutu kuna mifereji inayoizungusha. Inatoka ikizunguka kama pia ya mtoto, na pia inayozunguka haianguki upande. Inaelekeza pua yake mbele njia nzima.

Halafu kuna suala la ukubwa, na hili ndilo linalowachanganya watu zaidi. Nunua mche wa sabuni, uukate vipande viwili, kisha vinne, kisha nane. Sabuni haijaongezeka hata gramu moja, lakini kila kisu kinapopita nyuso mpya zinajitokeza, na sasa una nyuso nyingi za kushikwa na maji kuliko ulizoanza nazo. Ndiyo sababu vipande vidogo vya sabuni vinayeyuka upesi. Hewa inamshika msafiri kwa uso wake, na msafiri anaipinga hewa kwa uzito wake. Kadiri kipande kinavyokuwa kidogo ndivyo uso unavyokuwa mkubwa ukilinganisha na uzito, na hewa inashinda mapema.

Niliporudi nyumbani nilikaa na mpwa wangu na kikokotoo cha simu tukapigia hesabu. Ni makadirio, si vipimo vya maabara, lakini yanatosha kuonyesha umbo la jambo. Tukachukua kipande cha chuma cha gramu 1, kama mchemraba wa nusu sentimita, kinachobiringika. Kwa ukinzani wa hewa wa kawaida kwa umbo kama hilo likienda kasi kuliko sauti, kipande hicho hupoteza nusu ya kasi yake kila mita 25. Tukakipa mwanzo wa mita 1,500 kwa sekunde. Upande wa pili tukaweka risasi ya SMG, mita 715, na tukaviachia pamoja.

Kipande kinafika mita 25 wakati risasi ndiyo kwanza iko mita 17. Kinaongoza kwa mita nane, na ukipiga picha hapo utasema mbio zimeisha. Lakini pale pale, kwenye mita 25, kasi yake imeshuka kutoka 1,500 hadi 750, na mita mbili tatu mbele risasi inaanza kuwa na kasi zaidi yake, ingawa bado iko nyuma. Kwenye mita 50 vinafika pamoja. Mpwa wangu alirudia hesabu hiyo mara mbili kwa sababu hakuamini: vyote viwili vinatumia takriban sehemu 7 za mia ya sekunde. Ila risasi inapita pale ikiwa na mita 670 kwa sekunde, na kipande kimebaki na 375. Baada ya hapo hakuna mashindano tena. Mita 100, risasi bado iko juu ya 600, na kipande kimeshuka mbali chini ya kasi ya sauti na kinaanza kutafuta mahali pa kuangukia.

Ukiongeza uzito mchezo unabadilika, lakini si kwa kiasi ambacho mtu angetegemea. Kipande cha gramu 8, uzito sawa na risasi ya SMG, hupoteza nusu ya kasi kila mita 50. Risasi yenyewe, kwa uzito uleule, inahitaji karibu mita 500 kupoteza nusu yake. Tofauti yote hiyo ya mara kumi imenunuliwa kwa ncha, wembamba na ule mzunguko wa pia.

Na kile cha kabatini Ukonga? Tulikipima kwenye mizani ya duka la jirani: gramu 100, ukiondoa mabishano ya muuza duka kuhusu mizani yake. Kipande cha uzito huo kinakwenda mita 120 hivi kabla ya kupoteza nusu. Cha kilo moja, mita 250. Kwa hiyo vile vidogo, ambavyo ni vingi mno, vinafia karibu na bomu, na vile vikubwa vichache ndivyo vinavyovuka mitaa. Mwongozo wa jeshi la Marekani kuhusu guruneti la M67 unasema hivyohivyo kwa lugha yake: umbali wa kuua ni mita 5, wa kujeruhi mita 15, lakini vipande vinaweza kufika mita 230. Mtu anayesoma kwa haraka anadhani hizo namba zinapingana. Zinahesabu vipande tofauti.

Mfano mkubwa kuliko wote ninaoujua ni wa Halifax, Kanada, tarehe 6 Desemba 1917. Meli ya Ufaransa iliyoitwa Mont-Blanc, imejaa vilipuzi, iligongana na meli nyingine bandarini, ikashika moto, ikalipuka. Mti wa nanga yake, chuma cha zaidi ya nusu tani, ulikutwa karibu kilomita 4 kutoka pale. Ili kitu kiruke umbali huo kinahitaji angalau mita 190 kwa sekunde, hata tukiisahau hewa. Hiyo ni karibu nusu ya kasi ya risasi ya bastola. Huenda ilikuwa zaidi kidogo, lakini ona jinsi mambo yalivyogeuka: chembe ya chuma iliyoondoka kwa mita 1,500 inaishia mita 100 na kitu, na nanga iliyoondoka polepole inavuka mji.

Ghala linapolipuka kuna jambo jingine juu ya hayo. Mbagala, 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto chini ya miaka miwili baadaye, kila mahali walikufa zaidi ya watu 20. Katika milipuko ya aina hiyo si mabomu yote hulipuka kwa pamoja. Moja linalipuka na kuyatupa ya jirani yakiwa mazima. Maroketi yanashika moto na kuondoka yenyewe, bila mtu wa kuyaelekeza. Kilichoanguka Mbagala Kuu hakikuwa vipande tu, yalikuwa mabomu kamili, mengine yakalipukia pale yalipoangukia na mengine yakalala ardhini kimya. Katika hali kama hiyo hesabu yangu ya mita 25 na mita 50 haina kazi, kwa sababu kila bomu lililotupwa linaanzisha upya hesabu yake mahali lilipofika. Ndiyo maana watu wa Gongo la Mboto walikimbia hadi Uwanja wa Uhuru wakalala kule, na walikuwa na akili timamu.

Neno moja kuhusu neno. Kwa Kiingereza vipande hivi huitwa kwa jina la Henry Shrapnel, ofisa wa mizinga Mwingereza wa karne ya 18 na 19, na jina limeenea hata kwenye ripoti za habari zinazotafsiriwa kwetu. Kitu alichobuni kilikuwa kingine kabisa. Kombora lake lilibeba risasi za duara ndani, na kilipuzi kidogo tu cha kulifungua angani. Mbio za zile risasi zilitokana na mwendo wa kombora lenyewe. Zilikwenda taratibu ukilinganisha na vipande vya leo. Wafaransa na Waingereza walipoanza kuwavalisha askari wao kofia za chuma mwaka 1915, kofia ya Kiingereza ilitengenezwa kuhimili risasi ya Shrapnel ikiwa na mita 200 na ushei kwa sekunde. Risasi ya bunduki ilipita kama inavyopita kwenye sufuria. Askari walijua, na waliivaa hivyohivyo, maana kwenye mahandaki mvua ya chuma kutoka juu ndiyo iliyokuwa inawamaliza.

Mpaka leo fulana laini ya kujikinga, ile ya nyuzi zilizofumwa, iko katika hali hiyo. Inapimwa kwa kipande cha mfano cha gramu 1.1, na fulana nzuri inakizuia kikija kwa mita 600 na zaidi kwa sekunde. Risasi ya SMG, kwa kasi inayokaribiana na hiyo, inaipasua na kuendelea. Ili kuizuia inabidi uongeze bamba gumu kifuani. Mpwa wangu alikwama hapa, na ni mahali pazuri pa kukwama. Kasi zinakaribiana, mbona matokeo ni mbali? Kwa sababu nishati inahesabu uzito pia. Kipande cha gramu 1 kwa mita 750 kimebeba jouli 280 hivi. Risasi ya gramu 8 kwa mita 715 imebeba 2,000. Kile kipande hata pale kilipozaliwa, kikiwa na mita 1,500 zake zote, kilikuwa na jouli 1,125, nusu na kidogo tu ya risasi ambayo kilikuwa kinaikimbia mara mbili. Na kwenye mita 50, ambako vilifika pamoja, kimebaki na 70.

Usinielewe kwamba jouli 70 za chuma kilichochanika ni kitu cha kuchezea. Na hakuna bomu linalotoa kipande kimoja. Bunduki inakutafuta wewe kwa risasi moja. Bomu linajaza hewa pande zote kwa mpigo, na anayelenga ni bahati.

Watu huuliza pia kama mtu anaweza kusikia mlio akainama. Filamu zimetuharibu sana hapa. Kwenye zile mita 50 za hesabu yetu, kipande kinafika baada ya sehemu 7 za mia ya sekunde, na sauti ya kawaida ingehitaji karibu 15. Wimbi la mshindo huanza likiwa na kasi kuliko sauti, kwa hiyo hufika mapema kidogo kuliko hapo, lakini linachoka upesi, na kwa sehemu kubwa ya safari vipande vya mwanzo viko mbele yake. Aliyesikia mlipuko wa karibu ameshapitwa. Mwanga ndio pekee unaotangulia.

Hilo la kusikia mlio linanipeleka Nairobi, Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Kabla ya bomu kubwa la ubalozi wa Marekani kulikuwa na mshindo mdogo, guruneti na milio ya bunduki langoni. Katika maofisi ya jirani, kwenye maghorofa yanayotazama makutano yale, watu waliacha kazi wakaenda dirishani kuona kuna nini. Sekunde chache baadaye lori likalipuka. Zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao ndani ya jengo la Ufundi lililoporomoka. Waliojeruhiwa walihesabiwa kwa maelfu, na miongoni mwao walikuwa wengi waliopata majeraha ya macho na uso, wengine wakapoteza kuona kabisa. Si kwa vipande vya bomu. Chuma cha lori hakikufika kwenye ghorofa zote zile. Ni vioo walivyokuwa wamevisogelea, vilivyosukumwa ndani na wimbi la mshindo kwa makumi ya mita kwa sekunde, tuseme 50, kasi ambayo gari la mashindano inaifikia barabarani.

Nilimsomea mpwa wangu namba hiyo ya mwisho. Akaitazama ile karatasi ya hesabu zetu, 1,500 juu kabisa, 715 chini yake, na akaandika 50 kwenye mstari wa tatu, kisha akauliza jicho linahitaji jouli ngapi.